Kestrel Row Wakiongea Kiswahili cha Katuba

Jumatatu, 31 Machi 1997

Pasaka imepita bila mume. Paulin aliondoka Alhamisi Kuu juu ya kamyo, lori la dereva Mukuka, kwenda Mitwaba kuonyesha filamu siku za sikukuu. Kamyo imejaa chumvi na sabuni, naye juu kabisa, amekumbatia televisheni ndogo kama mtoto mwenye homa. Jenereta yetu nayo alichukua. Nikamwambia: vita inashuka kutoka kaskazini, na wewe unapanda kwenda kuisalimia. Akasema watu wa Mitwaba hawajaona filamu tangu Noeli, na barabara ya kule ni mbaya mno, hata vita itakwama.

Leo nimefagia sinema yetu. Sinema — chumba kimoja cha parcelle yetu, hapa kiwanjani, viti vya mbao, mablanketi madirishani, televisheni kubwa, video, na mikro ya Paulin ya kusemea, kwenye msumari wake. Nikafungua sanduku la kaseti. Karate zote amebeba. Kestrel Row ziko hapa. Zote tatu!

Sielewi. Huyu mtu hajawahi kusafiri bila Kestrel Row. Hata matanga ya shangazi yake kule Likasi alikwenda nazo. Tulizipata baada ya ile kupora ya askari ya 91, kwa mzungu mmoja wa migodi aliyekuwa akiuza vitu vyake mbele ya mlango ili akimbie: pasi, vyungu, kitanda, kaseti tatu. Watu waligombania pasi. Paulin akachukua kaseti. Nilimtukana njia nzima mpaka mtaani kwetu Katuba. Halafu tukaweka ya kwanza, na ilipoisha ni mimi niliyesema turudishe nyuma tuanze tena.

Wako wanne, bendi moja. Wangereza. Majina yao ya kweli yameandikwa kwenye makasha ya kaseti, lakini mtaa mzima unawajua kwa majina ya Paulin: Koti, anayeimba. Miguu, wa gitaa. Kimya, wa besi, ambaye katika filamu tatu hajasema neno. Na Baba Ngoma.

Tuliagana vibaya. Niandike tu, hapa hakuna anayesoma. Adrien, kaka yake mkubwa, alituma tena msafiri kutoka Mbuji-Mayi: rudi kwetu Kasai, mwaka 93 Wakatanga walitufukuza huko, walitujaza kwenye mabehewa kama magunia, wewe unangoja nini? Nikasema Kasai sina mtu. Mimi ni wa Butembo, kufika hapa Lubumbashi tu nimefika mbali ya kutosha. Paulin akasema hata yeye hapa hana mtu. Nikasema: una mimi. Akaanza kutafuta viatu.

Jumatano, 2 Aprili

Shule zimefungwa hadi tutakapoambiwa. Nani atatuambia, hakuna anayejua. Asubuhi yote watoto wa avenue, barabara yetu, walikaa mlangoni kwangu, na wazazi nyuma yao, wanajifanya wamekuja kutafuta watoto. Wanataka filamu. Nikasema msemaji hayuko. Wakasema weka tu, tutaangalia mapicha. Haya. Nikaweka Kestrel Row ya kwanza.

Hiyo ni ya nyeusi na nyeupe, na kwangu bado ndiyo tamu kuliko zote. Wangali vijana, nywele zimechanwa vizuri, wana harusi ya kupigia muziki na wamechelewa. Basi wanakimbia. Filamu nzima wanakimbia! Wanapita soko la samaki, polisi nyuma yao, polisi wanateleza, mmoja anaingia ndani ya pipa na kofia inabaki ikielea. Katikati ya mbio wanasimama, wanapiga wimbo mzima, na hakuna anayewauliza ngoma zimetoka wapi. Kisha mbio tena. Ukimwona Miguu anavyoruka meza za samaki na gitaa mgongoni, unasahau kwamba nje kuna Zaïre.

Hawakukawia, watazamaji wakaanza kupiga viti. Iko bubu, iko bubu! Bubu — na Koti anaongea mpaka mate yanaruka. Lakini anaongea Kingereza, na kwetu filamu isiyosemewa ni bubu, hata ipige kelele namna gani. Msemaji ndiye filamu yenyewe. Paulin husimama pembeni na mikro yake, anamsemea kila mtu: Koti kwa sauti nyembamba, polisi kwa sauti ya tumboni. Kwake hao wanne ni vijana wa Katuba, harusi iko mtaa wa Kamalondo, na polisi hawana lingine wanalotaka ila matabishi, hongo ndogo ya mkononi.

Mama mmoja akaniita kutoka nyuma: "Mama Graciella, shika ile mikro. Unalala na mwenye maneno, utakosa kuyayua?" Wakacheka. Nikashika. Nikasema la kwanza, nikasema la pili, halafu yakatoka yote, jinsi yalivyo, kumbe yalikuwa yamekaa ndani yangu miaka yote hiyo. Nilipofika kwa polisi na sauti ya tumbo, watu walianguka juu ya wenzao. Graciella wangu, ana miaka tisa, alinitazama kama mtu aliyeletewa mama mpya.

Paulin hunicheka. Husema mdomoni nasema cha Katuba, kwenye karatasi nageuka yule Sista wa Butembo aliyenifundisha. Anicheke. Arudi tu anicheke.

Jumamosi, 5 Aprili

Radio ya Bazungu: Mbuji-Mayi imeanguka. Waasi wameingia jana. Majirani wananiletea habari hii kwa sauti ya chini, kama wanaleta pole. Pole ya nini? Mume wangu yuko Mitwaba. Nimewaambia wote: Mitwaba. Wananiitikia haraka mno.

Nilionyesha ya pili. Nilitaka kelele ndani ya nyumba.

Ya pili ni ya rangi na haina kichwa wala miguu. Jangwa. Wanne wanasukuma piano juu ya mkokoteni, punda mmoja mbele, hawasemi kitu. Mara moja moja wanasimama, wanapiga, mchanga unaingia ndani ya piano, wanaendelea. Nadhani hata waliotengeneza hawakujua ni nini. Nilisikia mzungu yule aliyetuuzia akisema watu wao wenyewe waliizomea. Sisi Katuba tunaipenda, kwa sababu Paulin alitafuta maana yake: piano ni mahari. Baba mkwe wa Koti ameitaka. Na kila wakipita kilima, anatuma neno kwamba sasa anataka na kitu kingine juu yake: mbuzi, suti, cherehani. Wanaume wakongwe wanalia kwa kucheka. Mwisho wanafika baharini, hakuna mkwe, hakuna bibi arusi, wanaiweka piano ndani ya maji na Kimya anaipiga mpaka mawimbi yanamfunika vidole. Pale Paulin huwa hasemi kitu. Nami sikusema.

Nikimsemea Koti najisikia vizuri. Nikiweka mikro chini, najisikia vibaya.

Jumatatu, 7 Aprili

Askari wa serikali wanapita wakitafuta vya kubeba. Hawajalipwa na wanajua wanakimbia. Nyumba ya tatu kutoka kwetu wametoa hata mlango. Tumeficha televisheni na video chini ya makala, ule mkaa wa jikoni, magunia matano juu. Kaseti tatu nimezifunga tumboni kwa kitenge, nimekuwa mjamzito wa Kestrel Row. Askari mmoja alinitazama tumbo akasema pole mama, kaa chini. Nikakaa chini.

Jumatano, 9 Aprili

Imekwisha! Nilifikiri nitaandika kwa machozi na hapa ninaandika huku nacheka peke yangu.

Tangu jana risasi, upande wa uwanja wa ndege kwanza, halafu kila upande. Nyumba yetu ni ya matofali ya kuchoma, basi wote walihamia kwetu. Chola, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, aliingia na sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, mikononi, hakutaka iungue. Huyu Chola hajawahi kukanyaga sinema yangu, kanisa lake linakataza. Leo amelala chini ya kiti cha sinema. Nilimwambia pasteur ataelewa. Akasema pasteur mwenyewe eko chini ya kitanda.

Mchana, kimya. Kimya cha kutisha kuliko risasi. Kisha sauti za wanawake barabarani, wanaimba. Tukatoka. Askari wengi waliokuwa wa serikali asubuhi sasa wamefunga vitambaa vyeupe kichwani, ni wa upande mwingine, wanatusalimia kama hatujawahi kuonana. Na wakombozi wenyewe, wembamba, viatu vya mpira, wanaomba maji. Tuliwapa maji. Tuliwapa na sombe ya Chola. Watu wanakumbatiana na watu waliokuwa hawasalimiani. Mji umesimama. Hawakuuchoma! Miaka hii yote tulikuwa tukisema siku hiyo Lubumbashi itakuwa majivu, na jioni hii nasikia watu wanatwanga.

Nimetoa magunia ya makala. Televisheni inawaka. Nimebusu kioo chake, nikabaki na midomo myeusi.

Barabara zitafunguka sasa. Ndilo ninalofikiri. Barabara zitafunguka.

Ijumaa, 11 Aprili

Nina hasira na nimecheka, yote mawili, sijui nianze na lipi.

Courant, umeme, ilikuwepo tangu asubuhi, nikaita watu. Sikukuu ya ukombozi, filamu ya tatu. Chola naye akaja! Anasema aliyelala chini ya kiti anaweza pia kukaa juu yake. Akajiweka mbele kabisa.

Ya tatu si ya kucheza. Wamekua. Ndevu, macho mekundu. Wako ndani ya karakana ya zamani ya meli, baridi kali, pumzi inatoka midomoni kama moshi, na wanatafuta wimbo mmoja. Filamu nzima wimbo mmoja! Wanauanza, unavunjika, wanalaumiana, wanauanza. Mgeni akiingia atasema hakuna kinachotokea. Lakini ukishawapenda unaona yote: Koti haangalii tena upande wa Miguu. Kimya anawapa chai wote, hanywi yake. Kisha Baba Ngoma anaweka vijiti chini, polepole, anasema maneno machache, anachukua jaketi na kutoka kwa mlango wa chuma. Wale watatu wanabaki. Wanaanza tena wimbo bila ngoma — na sasa wimbo unakubali kupigwa. Ndiyo mara ya kwanza unakubali. Wanaupiga mpaka mwisho, kaseti inaisha.

Maneno ya Baba Ngoma, Katuba nzima inayajua. Nikayasema, kwa sauti ya Paulin ya kifuani: "Muko munatetemeka na baridi. Naenda kutafuta makala. Mupige kiloko kiloko, mi nakuya." Ndiyo maana wanapiga taratibu: wanangoja makala. Na watu wakitoka hubishana mlangoni kama alirudi au hakurudi.

Chola alikuwa akicheka mahali ambapo hapachekwi. Mwishowe nikamkalisha jikoni. Nini? Akasema, kwa upole kweli, kwamba yeye amekulia Kitwe, Zambia, na Kingereza ni cha shule yao. Kwamba hakuna makala. Hakuna Kamalondo, hakuna mahari, hakuna matabishi. Nikamuuliza Baba Ngoma anasema nini basi. Akaniambia: "Anasema: nimechoka. Naenda. Musiningoye."

Miaka sita! Miaka sita nimewapenda Wangereza wanne, na kumbe nilikuwa nampenda mmoja tu, wa Kasai, na mikro yake.

Nilimwambia Chola labda Paulin hakuelewa. Lakini Paulin alifanya kazi na wenye makamyo wa Zambia pale mpakani Kasumbalesa kabla hatujaoana. Nimemsikia kwa masikio yangu akitukanana nao kwa Kingereza, na wao ndio waliokuwa wananyamaza. Alielewa.

Jumapili, 13 Aprili

Misa ndefu, shukrani nyingi. Padri alitaja walioko safarini.

Nimeziangalia zote tatu peke yangu, sauti juu, bila msemaji, nitafute Kestrel Row wa kweli. Sikuwapata. Nimeshindwa kusikia Koti akisema kitu kingine. Polisi akifungua mdomo nasikia matabishi. Nimejiuliza kama ninataka kweli kujua walichokuwa wanasema, na jibu ni hapana, labda harusi ile haikuwa nzuri kama ya Kamalondo.

Ya pili na ya kwanza aliongeza chumvi ili watu wacheke, hiyo naelewa, ni kazi yake. Ya tatu, pale mwishoni, hakuna anayecheka. Pale alibadili neno moja tu, la mtu anayeondoka. Mwaka ule wa 93, mabehewa yalipokuwa yanajaa watu wa kwao, ndipo alipoanza kuionyesha kila Jumapili. Makala, makala. Nilifikiri anaipenda kwa sababu ya wimbo.

Jumatano, 16 Aprili

Mukuka amerudi na kamyo yake! Nilisikia honi, nikatoka na mikono ina unga wa bukari, ugali wa jioni.

Alikuwa peke yake mbele. Nyuma, kati ya magunia ya mahindi: jenereta yetu. Televisheni ndogo. Karate zote, zimefungwa vizuri kwa kamba. Akasema Paulin alimwachia vyote siku ya pili tu, Mitwaba, ampelekee mama Graciella. Barabara ilikuwa imefungwa, ndiyo maana amechelewa. Nikauliza: na mwenyewe? Mukuka akakagua gurudumu. Akasema mwenyewe alipanda kamyo ingine, alisema atafuata.

Atafuata. Mtu anayefuata hatumi jenereta mbele. Na kamyo za Mitwaba hazina njia nyingi: ama zinashuka huku kwetu, ama zinakwenda upande wa Kamina, na Kamina ni mlango wa Kasai.

Hakuonyesha hata filamu moja kule. Aliondoka hapa akijua.

Graciella ameuliza kama baba ametuma jenereta kwa sababu sisi hatuna. Nikamwambia ndiyo.

Ijumaa, 18 Aprili

Hakuna cha kuandika. Mji una furaha. Nimefua mablanketi ya madirisha.

Jumamosi, 19 Aprili

Amerudi.

Nilikuwa nyuma ya nyumba, naosha masufuria. Graciella akapiga ukelele mmoja, sikujua ni wa nini, nikatoka na sufuria mkononi kama silaha. Alikuwa amesimama pale penye geti, haingii. Suruali imekuwa ya mtu mwingine, mnene. Miguu — Mungu wangu, miguu. Viatu hana, amefunga vipande vya mpira kwa waya. Nilidondosha sufuria. Sikusema neno zuri. Nikasema: "Utasimama nje mpaka lini?" Akaingia.

Yuko mzima. Naandika tena: yuko mzima. Nimemgusa mbavu zote. Amekula bukari, amekula ya Graciella, amekula na ile Chola aliyoileta juu ya ukuta. Nimemwosha miguu kwa maji ya chumvi naye akalala akiwa amekaa. Tangu mchana nasikia anakoroma, na mimi natembea ndani ya nyumba bila kazi, nagusa ukuta, nagusa mlango, nacheka. Kama mtu ametolewa jiwe kifuani. Sikujua lilikuwa zito namna hii mpaka lilipoondoka.

Kabla ya kulala alinieleza. Alikwama Mitwaba. Barabara ilikatika, hakuna kamyo, ikabidi miguu. Alisema hivyo akiwa ameielekea kona ya chumba, na ndani ya kona ile iko jenereta. Akaiona. Nikamwona anaiona. Akauliza kama ina essence, petroli.

Nikasema ndiyo, ina essence.

Sikuuliza. Nitauliza lini? Leo nataka tu akorome.

Jumapili, 20 Aprili

Asubuhi hakuenda misa, miguu haijaweza. Alikaa kwenye kiti uani na watu wote wa avenue wakapita kumsalimia. Ba Paulin, tulikulilia! Akawaambia wote ile ya Mitwaba. Kila alipoisema ilikuwa fupi zaidi. Mara moja macho yetu yalikutana na nikajifanya nachambua mchele.

Wakamwambia kwamba bibi yake, yaani mimi mkewe, amekuwa msemaji, na polisi wake wa tumbo amewapita polisi wote. Akanitazama kwa namna ambayo hajanitazama siku nyingi. Akasema leo aseme yeye, mchana, ya tatu. Nikasema bado umechoka. Akasema ya tatu.

Kwa hiyo sasa niko hapa mlangoni, mahali pangu pa siku zote, karibu na swichi, naandika juu ya goti. Chumba kimejaa mpaka dirishani. Graciella amekaa kwenye mkeka. Chola yuko mbele, ameketi wima kama kanisani. Sikumwambia Paulin kwamba Chola anajua Kingereza. Hakuna aliyemwambia.

Anasema vizuri, shetani huyu. Sauti imepungua lakini ni ileile. Nilikuwa nimesahau jinsi Koti anavyokuwa mtu anapotoka kwenye mdomo wake. Mimi nilikuwa narudia tu. Watu wanacheka kwa chai ya Kimya.

Baba Ngoma ameweka vijiti chini.

Watu wanatikisika, wanajiandaa kusema pamoja naye, kama sala: muko munatetemeka na baridi — wengine wamekwisha kuanza. Paulin hakusema pamoja nao. Amesubiri wanyamaze. Kisha amesema, kwa ile sauti ya kifuani: "Nimechoka. Naenda. Musiningoye."

Mzee mmoja ameuliza: na makala? Mwingine: hapana, ba Paulin, umekosea. Chola hakugeuka. Nimeona mabega yake tu.

Paulin anaendelea. Wale watatu wanapiga wimbo wao bila ngoma, na yeye anasema juu yake, na kwenye kioo hakuna Baba Ngoma, kuna mlango wa chuma tu. Anasema Baba Ngoma alipanda kamyo juu ya magunia. Anasema kaka yake alikuwa amemtafutia nyumba, kwa watu wake, mahali ambapo hakuna atakayemuuliza anatoka wapi. Anasema alituma ngoma zake nyumbani, zisimwite. Watu wanasikiliza kwa mdomo wazi, hii hawajaisikia kamwe. Alifika Kamina. Pale kamyo ilisimama, madereva wakala, wakamwita apande. Hakupanda. Hakuna aliyemwambia asipande. Alibaki amesimama na kamyo ikaondoka na mfuko wake wa nguo.

Wimbo umeisha. Kaseti imeisha. Kioo ni mchanga mweupe unaochemka na hakuna aliyeinuka. Swichi iko hapa kwenye bega langu, sizimi. Paulin bado anasema. Reli, miguu, behewa la mizigo, miguu tena. Daraja lililovunjika. Askari wamelala njiani na hawaamki. Nalia na sitaki waone, na si kwa huzuni — amepanda kamyo ile, ndiyo, nitamtukana kwa hiyo kamyo mpaka nizeeke, lakini ameshuka! Ameshuka mwenyewe!

Sasa anasema Baba Ngoma amefika. Eko pa geti. Anasikia bale benye kubakia beko ndani, beko napiga, na banapiga muzuri, bila yeye. Hajui kama watamfungulia.

Hadithi ameikatia hapo.

Mzee ameuliza: kiisha? Balimufungulia?

Paulin amesema hayui. Amesema ile haiko maneno ya Baba Ngoma, iko ya bale ba ndani. Na ameitoa mikro mdomoni, amempa mtu wa safu ya kwanza. Huyo amempa wa nyuma yake. Inapita mkono kwa mkono juu ya vichwa, waya inaburuta mabegani kwa watu, na wote wanaigeukia inakokwenda, na inakuja huku mlangoni. Imefika kwa Graciella. Amesimama, ananinyooshea. Waya inatosha.